Warsha ya walimu wa kujitolea ughaibuni ianzie kwa mtoto

Tangu UNESCO iitangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, jumuiya zetu za ughaibuni zimepata sababu nzuri ya kukutana kila mwaka. Pembeni mwa sherehe hizo limeota jambo lingine jema: warsha za kuwanoa walimu wa kujitolea, yaani wale kina mama na kina baba wanaowafundisha watoto wetu Kiswahili mwishoni mwa wiki katika kumbi za makanisa, vyumba vya madrasa na vituo vya jamii. Nimeshiriki kuandaa warsha za namna hiyo hapa Uingereza na nimehudhuria za wenzetu. Hoja yangu ni moja: tunazipanga huku tukimtazama mgeni rasmi, mkufunzi na mwalimu, na mtoto tunamsahau.

Ratiba yenyewe tunaijua sote. Saa nne wageni wanawasili, risala inasomwa, mgeni rasmi anafungua. Mkufunzi aliyetoka nyumbani anatoa mada juu ya historia ya Kiswahili, kisha mada juu ya ngeli, kisha chakula. Baada ya pilau kunakuwa na majadiliano ya vikundi, bango kitita linajazwa maazimio, vyeti vinagawiwa, picha ya pamoja inapigwa. Watu wanaagana kwa furaha, na furaha hiyo ni ya kweli, maana wengi wao hawajakaa siku nzima wakizungumza Kiswahili tangu walipoondoka nyumbani. Lakini Jumamosi inayofuata mwalimu yuleyule anasimama mbele ya watoto kumi na wawili, mdogo ana miaka mitano na mkubwa kumi na tatu. Wote wanamwelewa anachosema, na wote wanamjibu kwa Kiingereza. Kitini chake hakina neno hata moja juu ya watoto hao.

Mtoto huyu ni wa aina yake, na ndiye anayepaswa kuwa kiini cha warsha. Mama akimwambia "niletee kile kikombe chekundu kilichoko juu ya friji", anakileta bila kusita. Bibi akipiga simu ya video kutoka Tanga, anajua lazima aanze na shikamoo. Ila muulize "kikombe ulikitoa wapi?", atajibu Kiingereza, na akijikaza sana atasema "kikombe yangu". Sikio lake ni la mtoto wa Kiswahili wa miaka sita au saba, ulimi wake ni wa mtoto wa miaka miwili, na jicho lake halijawahi kusoma ukurasa mzima wa Kiswahili. Mpe kipande kifupi asome na utaona: neno "pole" analitamka kama Mwingereza anayesoma neno la kwao, na "wake" vilevile, na "mate" vilevile, kwa sababu herufi hizo anazijua tayari kwa sauti nyingine alizofundishwa shuleni.

Sasa mtazame mwalimu tunayemwalika. Mara nyingi ni mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni mwalimu wa Daraja la A aliyefundisha shule ya msingi nyumbani, ambaye sasa anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Huyu anajua kuandika azimio la kazi na andalio la somo, anaweza kulimudu darasa la watoto sitini kwa ubao na chaki, lakini watoto aliowafundisha walikuja darasani wakizungumza. Wa pili ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ana moyo na kompyuta, hajawahi kufundisha. Wa tatu ni mzazi tu, ambaye aliona wanawe wanapotea akaamua kuanza na watoto wa majirani. Wote watatu wanahitaji kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwafundisha, nao hawakihitaji kwa kiasi kilekile.

Hapo ndipo mkufunzi kutoka nyumbani anapokwama, hata awe bingwa. Tanzania tuna utaalamu uliokomaa wa aina mbili. Kuna kumfundisha Kiswahili mtoto ambaye tayari ni lugha yake, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimeandikwa kwa ajili ya huyo. Na kuna kumfundisha mgeni: BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, limekuwa likiendesha mafunzo ya walimu wa Kiswahili kwa wageni, na Zanzibar ina uzoefu wa miaka mingi wa kupokea wanafunzi wa nje. Mtoto wa ughaibuni hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Mgeni mtu mzima huanza na sifuri ya sikio, lakini anajua kwa nini anajifunza, ana daftari, na ukimpa jedwali la ngeli anashukuru. Mtoto wetu ana sikio zuri, hana sababu aliyoichagua mwenyewe, na ukimpa jedwali la ngeli umempoteza. Ukimfundisha "hujambo, sijambo" kwa wiki tatu atachoka, maana hayo anayajua. Ukimpa kitabu cha darasa la tatu cha nyumbani atashindwa mstari wa kwanza na kuona aibu.

Wala hakuna mtihani wa shule za hapa wa kumvuta. Kipolandi, Kiurdu, Kibengali na Kituruki vimo katika mitihani ya GCSE, ile ya sekondari, hapa Uingereza, na walimu wa kujitolea wa jumuiya hizo humwambia mzazi kwamba mtoto akija Jumamosi atapata alama itakayomsaidia mbele. Kiswahili hakimo. Sisi tuna bibi, tuna safari ya Desemba, tuna jina la mtoto mwenyewe, na tuna saa mbili za wiki ambazo lazima zimfurahishe kiasi cha kumfanya akubali kuacha mpira wa Jumamosi. Kwa hiyo ustadi wa mwalimu katika hizo saa mbili ndio kila kitu tulicho nacho.

Warsha inayomtumikia mwalimu huyu huanza wiki kadhaa kabla ya siku yake. Waandaaji wawaandikie walimu maswali machache: una watoto wangapi, wana umri gani, wangapi wanaelewa tu, wangapi wanajibu, wangapi wanasoma, wanatoka nyumba za namna gani. Majibu hayo ndiyo yaamue mada. Nimeona warsha iliyotenga saa mbili kwa uandishi wa insha wakati katika madarasa yote yaliyowakilishwa hakukuwa na mtoto hata mmoja anayeweza kuandika sentensi tano. Maswali ya wiki mbili kabla yangeokoa saa hizo.

Na siku yenyewe ikifika, watoto wawepo. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mwalimu hajifunzi kufundisha kwa kuelezwa, na vyuo vyetu vya ualimu vinalijua hilo, ndiyo maana mwanachuo hapewi cheti bila mazoezi ya kufundisha akiwa na mkufunzi nyuma ya darasa na daftari mkononi. Sijui kwa nini tukifika ughaibuni tunaliacha jambo hilo la msingi na kubaki na mihadhara.

Katika warsha mojawapo tuliwaomba wazazi watuletee watoto wachache asubuhi. Mwalimu mmoja, muuguzi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alikuja na kikapu cha vitu vya jikoni: kijiko, kikombe, sufuria, mwiko, kawa, na mbuzi ya kukunia nazi. Akawa anainua kimoja kimoja na kuuliza "hiki ni nini?" Watoto wakapiga kelele "kijiko!", "sufuria!" Walipoambiwa ile ni mbuzi walicheka mpaka mmoja akaanguka chini. Baada ya dakika tano vitu vilikwisha na mwalimu akabaki ameshika kikapu kitupu. Wenzake waliokaa nyuma walikuwa na kazi moja tu, kuhesabu ni maneno mangapi ya Kiswahili kila mtoto ametamka. Hesabu ilionyesha kwamba aliyezungumza zaidi ni mwalimu, kwamba watoto wawili wenye sauti kubwa walijibu karibu kila swali, na kwamba msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha hakutamka neno.

Hakuna aliyemlaumu. Tulikaa tukanywa chai, tukaulizana: vitu hivihivi, watoto hawahawa, tufanye nini ili kila mmoja alazimike kusema? Akarudi baada ya saa moja. Safari hii alimpa kila mtoto kitu chake, akawaambia wavifiche ukumbini, kila mmoja kitu cha mwenzake, halafu mwenye kitu akitafute kwa kuuliza. "Kijiko changu kiko wapi?" "Kijiko chako kiko chini ya meza." Mara "mwiko wangu uko wapi?" Mara "mbuzi yangu iko wapi?" Hakutaja ngeli hata mara moja. Mtoto akisema "kijiko yangu", aliyekificha alikaa kimya mpaka aseme "changu", na wote walitaka kupata vitu vyao. Yule msichana wa dirishani, alipoona wenzake wamemaliza na yeye bado, aliuliza kwa sauti ndogo kawa lake liko wapi, na kwa Kiswahili kilichonyooka. Mvulana mmoja mwerevu akauliza kwa nini bibi yake husema "mbuzi wangu" na hapa mwalimu anasema "mbuzi yangu". Mwalimu akamjibu kwa sentensi moja: wa bibi ana uhai, hii ya nazi haina. Ngeli iliingia hivyo, kwa kuulizwa na mtoto.

Walimu walioshuhudia masomo hayo mawili hawakuhitaji mada juu ya mbinu shirikishi. Waliiona tofauti kwa macho yao, wakaihesabu, na mchana wakajaribu wenyewe, kila mmoja dakika kumi mbele ya watoto. Hapa ndipo ninapotaka saa za warsha ziende. Mada ya sarufi ibaki, tena ibaki ikiwa nzito, kwa sababu mwalimu asiyeijua ngeli hatajua aweke vitu gani kikapuni. Lakini iwe saa moja, na imjenge mwalimu, si kwamba aibebe kama ilivyo aende kuwamwagia watoto.

Vivyo hivyo kusoma. Mtoto anayesoma Kiingereza tayari anajua kazi ngumu ya kusoma. Kinachomkosesha ni irabu. A, e, i, o, u zikishakaa, kisha ba, be, bi, bo, bu kama tulivyoimba sote darasa la kwanza, tahajia yetu inamfungukia haraka mno, maana tunaandika tunavyotamka. Mwalimu wa kujitolea akifundishwa jambo hili moja vizuri, na akaonyeshwa pa kupata hadithi fupi, anaweza kuwafanya watoto wasome ndani ya muhula. Hadithi zipo. Mradi wa African Storybook una vitabu vidogo vya picha katika Kiswahili ambavyo ni bure kuchapisha, Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao, na katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Tanzania mwaka 2014, zinamsikilizisha mtoto Kiswahili cha watoto wenzake badala ya sauti ya mama peke yake.

Kuna suala ambalo waandaaji wengi hulikwepa, nalo huvunja warsha kimyakimya: Kiswahili cha nani? Ukumbini hukaa Mtanzania wa Mwanza, Mkenya wa Mombasa, Mkongo wa Bukavu, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na mama wa Kibarawa au Kibajuni ambaye lahaja yake ina umri mkubwa kuliko Kiswahili sanifu chenyewe. Marekani hali hiyo ni ya wazi zaidi. Katika muongo uliopita kumekuwa na miaka kadhaa ambayo wakimbizi kutoka Kongo ndio waliopokewa huko kwa wingi kuliko wa taifa lingine lolote, na wengi wao wanatoka mashariki, kwenye Kiswahili. Watoto wa familia hizo ndio wanaoweza kuyajaza madarasa yetu. Lakini mwalimu wa Kikongo akisahihishwa kila anapofungua mdomo, akaambiwa mbele ya watu kwamba "batoto" si Kiswahili, hatarudi, na watoto wake hawatakuja. Nimeliona likitokea, na liliniuma, kwa sababu mama yule alikuwa na darasa kubwa kuliko la yeyote kati yetu.

Msimamo wangu ni kwamba tuandike na kusoma sanifu, ile iliyojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930, kwa sababu vitabu vyote tulivyo navyo vimeandikwa kwa hiyo. Ila Kiswahili cha nyumbani kwa mtoto kiheshimiwe kwa vitendo. "Kwenu mnasema batoto, kitabuni tunasoma watoto, na bibi akupigiapo simu mjibu kama yeye." Mtoto hana shida ya kubeba vyote viwili, anabeba tayari Kiingereza cha shuleni na cha mtaani. Jambo hili liamuliwe na kutangazwa asubuhi ya warsha, na mwezeshaji alilinde siku nzima. Na awepo mwezeshaji mmoja kutoka kundi lisilo la Watanzania, mwenye saa yake ya kufundisha, badala ya kuitwa kutoa shukrani tu.

Juu ya ulinzi wa mtoto sitasema mengi, ila lazima lisemwe kwa uwazi. Wengi wetu tumelelewa kwa fimbo na tunajua walimu wema waliochapa. Shule za serikali Uingereza ziliachana na viboko mwaka 1987, Sweden ilikataza hata mzazi kumpiga mtoto mwaka 1979, na Scotland na Wales zikafuata mwaka 2020 na 2022. Kumfinya mtoto sikio au kumpigisha magoti kunaweza kulifunga darasa na kumletea mwalimu matatizo makubwa, na kabla ya hayo yote kunamuumiza mtoto wa mwenzako. Warsha itenge muda wa kuwafundisha walimu namna nyingine za kutuliza darasa, wazijaribu palepale, kwa sababu kukataza bila kumpa mtu mbadala hakusaidii. Na siku hiyohiyo waanze fomu za ukaguzi wa rekodi za jinai. Hapa England ukaguzi huo unaitwa DBS, na kwa anayejitolea serikali haitozi ada yake.

Upande wa mipango, tuwe wakweli juu ya maisha ya watu hawa. Wanafanya kazi za zamu. Tangazo la wiki mbili linawakuta ratiba ya kazi imeshatoka, na mwenye kuja anakuja bila usingizi kama yule muuguzi wetu. Miezi miwili ndiyo kipimo. Watoto wao wapate pa kukaa na wa kuwaangalia, la sivyo kina mama hawatakuja, na walimu wetu wengi ni kina mama. Walipwe nauli. Mtu anayetoa Jumamosi zake mwaka mzima asiombwe tena atoe mfukoni ili aje kufundishwa namna ya kuzitoa vizuri zaidi. Wenzetu wa Sweden wana nafuu, kwani huko manispaa inawajibika kutoa somo la lugha ya nyumbani wakipatikana angalau watoto watano na mwalimu anayefaa, na mwalimu huyo analipwa. Jumuiya yoyote ya Waswahili iliyoko Sweden ianzie hapo kabla ya kupitisha bakuli la michango.

Kwetu sisi wa michango, swali la fedha ni gumu na nitalisema bila kuzunguka: tiketi ya ndege, viza na hoteli ya mkufunzi mmoja humeza sehemu kubwa ya bajeti, halafu hakuna kinachobaki kwa miezi inayofuata. Namheshimu sana mwalimu wa chuo kikuu anayekubali kusafiri. Lakini anaweza kuzungumza nasi kwa video. London ikiwa saa nne asubuhi majira ya baridi, Dar es Salaam ni saa saba mchana. Minneapolis ikiwa saa nne asubuhi majira ya joto, Dar ni saa kumi na mbili jioni, bado mtu yuko macho na ana nguvu ya kufundisha saa moja. Fedha iliyookolewa iende kwenye ufuatiliaji, ambao ndio unaofanya warsha iwe na maana. Walimu wapangwe wawiliwawili kulingana na ukaribu wa miji yao. Kila mmoja amtembelee mwenzake darasani mara moja ndani ya muhula, akae nyuma, ahesabu maneno ya watoto kama tulivyohesabu, wazungumze wawili tu. Muhula ukiisha wote wakutane tena kwa nusu siku, kila mmoja na somo moja lililofaulu na moja lililokwama.

Vyeti vinaweza kutolewa siku hiyo ya pili. Nimependekeza hivyo kwenye kamati na nikapingwa kwamba watu hawatakuja siku ya kwanza bila cheti. Walikuja.

Wapo wanaosema hatuna wakufunzi huku, ndiyo maana tunaagiza. Tunao. Katika miji yetu wapo walimu wastaafu wa shule za msingi waliokuja kuishi na watoto wao, wanashinda nyumbani na wajukuu wanaowajibu Kiingereza. Wapo Wasomali, Wapolandi na Wabengali wanaoendesha shule za Jumamosi tangu miaka mingi kabla yetu, na mara nyingi wako jengo lilelile tunalopanga, chumba cha pili. Hao wanamjua mtoto huyu kuliko profesa yeyote wa isimu. Kabla kamati haijaandika barua ya mwaliko kwenda Dar es Salaam au Nairobi, mtu mmoja atumwe akabishe hodi chumba hicho cha pili na kuomba kukaa nyuma ya darasa lao Jumamosi moja.